Mnunuzi ameshusha bei siku ya kusaini, na vyombo vyangu viko kwenye maboksi

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nyegezi hapa Mwanza, na kazi yangu ni dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Nakuandikia usiku kwa sababu usingizi umekataa.*

*Mimi na mume wangu tunauza nyumba yetu. Tulianza kuijenga mwaka 2012, kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mpaka ikaisha. Ina vyumba vitatu, sebule, choo cha ndani na uzio wa mawe. Iko juu mlimani, ukisimama barazani unaliona ziwa lote. Hati miliki ipo, kwa jina la mume wangu. Biashara yake ya mchele imehamia Katoro, na huko tumepata nyumba barabarani, yenye fremu mbili za duka mbele. Tumeshalipa advansi ya milioni 10, imebaki milioni 38, na mwisho wa kulipa ni mwisho wa mwezi huu. Karatasi tuliyosaini inasema tukichelewa advansi hairudi.*

*Dalali alituletea wateja. Mmoja ni mwalimu wa chuo kule Malimbe. Alifika milioni 70, ila alitaka kulipa nusu kwanza na nusu baada ya miezi minne. Wakati tunajadili akaja mfanyabiashara mmoja, akasema atatoa milioni 75 kwa mkupuo. Alikagua nyumba mara mbili, akapanda mpaka kwenye tenki, akafungua kila bomba. Tukapeana mikono mbele ya dalali na jirani. Hakutoa advansi, alisema ya nini wakati analipa zote siku ya kusaini. Mwalimu tukamwambia nyumba imepata mtu.*

*Alhamisi tukaenda kwa wakili. Mkataba umeshachapwa, muhuri uko mezani. Mnunuzi akausoma taratibu, akaufunga, akasema, "Mama, mimi nina milioni 62." Nikadhani sikusikia vizuri. Akaanza kutaja sababu: ukuta wa jikoni una ufa, ziwa linapanda na watu wa chini walishahama, serikali haitaki nyumba ndani ya mita 60 kutoka ziwani, biashara ni ngumu. Kisha akasema, "Na najua nyinyi mnadaiwa Katoro, tarehe inakaribia." Niliinuka nikatoka nje bila kuaga.*

*Sasa mume wangu anasema tuchukue hizo hizo, tusije tukapoteza milioni 10 za watu wa Katoro. Dalali anapiga simu asubuhi na jioni, "Mama, fedha mkononi." Mimi naona nimelaliwa. Nimeshaaga jumuiya, nimeshaaga majirani, naona aibu kuonekana bado nipo. Na tangu ataje ule ufa, kila nikiingia jikoni macho yanakwenda pale pale. Nimeanza kuiona nyumba yangu mbovu. Jambo jingine, nani alimwambia habari za Katoro? Namshuku mume wangu, na ndani hatuongei vizuri.*

*Nifanye nini, Shangazi?*

*Mama wa Nyegezi*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Umekaa kwa wakili, kalamu iko mezani, halafu mtu anakukata milioni 13 kwa sentensi moja. Hilo linauma hata kwa mwenye fedha nyingi, sembuse wewe uliyeijenga hiyo nyumba gunia la dagaa kwa gunia. Kutoka nje ulifanya vizuri. Hukutukana, hukusaini. Na majirani wasikutie aibu, watu huahirisha kuhama kila siku na hakuna anayewahesabia.

Naanza na lile neno lake la mwisho, la Katoro, kwa sababu bei yake imetoka humo. Ufa aliuona tangu siku ya kwanza. Mtu aliyepanda mpaka kwenye tenki hawezi kupita jikoni asiuone. Ziwa lilikuwepo, na mita 60 zilikuwepo. Tangu mpeane mikono mpaka Alhamisi, kitu kipya alichokipata ni tarehe yenu. Wewe ni mtu wa Mwaloni, unawajua wanunuzi wanaozunguka pembeni dagaa wakiwa wameanikwa, hawaulizi bei, hawafanyi haraka, mpaka wingu litande juu ya ziwa ndipo wanakusogelea na bei yao. Dagaa ni wale wale. Unachokiogopa ni mvua, na mwenzako anaijua hofu hiyo.

Kwa hiyo usirudi kwa mnunuzi kubishana bei kabla hujashughulika na tarehe. Nendeni Katoro wewe na mumeo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kungoja kivuko, mtakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mwambieni mwenye nyumba ukweli, kwamba mnunuzi wenu amegeuka siku ya kusaini, fedha yenu ipo ndani ya nyumba lakini haijatoka, mnaomba siku 30 au 60 zaidi. Naye anataka kuuza. Akiwanyima muda atabaki na milioni 10 zenu, lakini itambidi atafute mteja upya, na huenda naye akakutana na mtu kama huyu wenu. Wengi wakielezwa mapema hukubali. Wanaokasirika ni wale wanaokuja kuelezwa tarehe imeshapita. Akikubali, msirudi na neno la mdomo. Iandikwe karatasi ya nyongeza ya mkataba, itaje tarehe mpya na iseme advansi inabaki salama, msaini wote mbele ya mashahidi. Mkifika Nyegezi na karatasi hiyo mkononi, mtaona jinsi bei ya 62 inavyopungua nguvu.

Mumeo anaogopa kupoteza milioni 10, na hofu yake ina msingi. Lakini kaeni na kalamu. Mkikubali 62 mnapoteza 13 ukilinganisha na bei mliyopatana, na mnapoteza 8 ukilinganisha na mwalimu. Tuseme dalali mmepatana asilimia 5. Kwenye 62 mtabaki na milioni 58.9, mkilipa Katoro zinabaki 20.9. Kwenye 70 za mwalimu mtabaki na 66.5, mkilipa Katoro zinabaki 28.5. Hiyo tofauti ya milioni 7.6 ni bidhaa ya kujaza hizo fremu mbili.

Mpigie mwalimu. Leo, si keshokutwa. Usione haya kwamba mlimwacha, mwambie tu yule mnunuzi mliyepatana naye hakutimiza na unataka kujua kama bado anaihitaji. Nusu yake ni milioni 35. Mkitoa fungu la dalali kwa awamu hiyo, mna milioni 33 na ushee, na Katoro mnadaiwa 38. Pengo ni kama milioni 5. Hilo ni jambo la kumwomba mwenye Katoro: pokea 33 sasa, tano zinakuja baadaye. Ni ombi jepesi kuliko kumwomba angojee zote. Usilizibe pengo hilo kwa mtaji wako wa dagaa, mtaji huo ndio unaowalisha mpaka fremu zianze kuzaa. Na dalali aliyewaletea mwalimu alipwe haki yake, msimruke.

Dalali huyo nisimwache hapo. Simsemi vibaya, anafanya kazi yake. Ila elewa anasimama wapi. Bei ikishuka milioni 13, kwa asilimia 5 yeye anapoteza shilingi 650,000, nyinyi mnapoteza milioni 12 na laki tatu na nusu. Mauzo yakivunjika yeye anakosa kila kitu. Ndiyo maana kwake "fedha mkononi" ni neno tamu. Msikilize kwa habari za soko, usimwachie akuamulie bei ya mwisho, na mwambie waziwazi kwamba kuanzia leo mnunuzi akitaka kujua mambo yenu aje awaulize nyinyi.

Sasa ufa, maana najua ndio unaokunyima usingizi. Mwanza tunajenga juu ya mawe. Kwenye miteremko yetu nyumba nyingi msingi wake upande mmoja umekaa juu ya jiwe na upande mwingine juu ya udongo. Jiwe halishuki, udongo unashuka kidogo kidogo, hasa miaka ya mwanzo na misimu ya mvua nyingi, na ukuta unapasuka pale viwili hivyo vinapokutana. Mara nyingi unaanzia kwenye pembe ya dirisha, kwa kuwa hapo ndipo ukuta ulipo dhaifu. Ufa wa namna hiyo unaweza kuwa wa zamani na umeshatulia, na unaweza kuwa bado unatembea. Namna ya kujua ni rahisi. Chukua penseli, weka alama ndogo kila mwisho wa ufa, andika na tarehe pembeni. Kisha mwite fundi mwashi mzoefu, asiye rafiki wa dalali, agonge lipu pale aone kama mpasuko umeishia kwenye lipu au umeingia kwenye tofali, na atazame nje kama maji ya mvua yanasimama karibu na msingi. Akupe gharama ya kurekebisha kwa maandishi. Kama ni lipu, gharama yake itakuwa ndogo mno kulinganisha na milioni 13. Kama ni msingi, ni haki yako kujua na ni haki ya mnunuzi yeyote kupunguziwa kiasi hicho, awe huyu au mwalimu. Vyovyote itakavyokuwa, utakuwa na tarakimu, na macho yako yatapata kupumzika.

Kuhusu mita 60, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kweli inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na ziwa lilipanda kweli, mwaka 2020 na tena 2024, watu wa ufukweni waliteseka. Lakini wewe unasema nyumba iko juu mlimani. Pimeni umbali, muwe na jibu. Ikiwa mko nje ya mita 60, sababu hiyo imekufa. Na tafakari: mtu anayeamini kweli nyumba iko kwenye eneo la marufuku hainunui kwa 75 wala kwa 62. Anaondoka.

Inawezekana pia mwenzetu si mjanja, bali kapungukiwa. Huenda benki imempa kidogo kuliko alivyotarajia, huenda mzigo wake umekwama, akaona haya kusema akatafuta sababu kwenye ukuta wako. Muulize kwa upole, uso kwa uso: "Ndugu, fedha imepungua, au bei ndiyo unayoiona kubwa?" Akisema imepungua, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Anaweza kulipa 62 sasa na kinachobaki baada ya miezi michache, kwa mkataba, hati ikiwa bado mikononi mwa wakili wenu. Akishikilia kwamba nyumba haifai zaidi ya 62, basi umeshajua unazungumza na nani.

Kisheria mnunuzi huyu hajafungwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi ndipo uweze kudaiwa mahakamani. Kupeana mikono mbele ya jirani kuna heshima yake, ila hutaweza kumlazimisha alipe 75. Watu wengi wakisikia hivyo wanakata tamaa, kumbe kamba iliyomwacha yeye imekuacha na wewe. Hakutoa hata shilingi. Huna deni lake, na unaweza kumuuzia mwalimu kesho asubuhi.

Bei ya mwisho mpange nyinyi wawili, chumbani, kabla ya kukutana na mtu yeyote. Mimi ningesema hivi. Mkipata muda Katoro, kwa huyu msishuke chini ya 68 taslimu, kwa kuwa 70 za mwalimu zina kungoja ndani yake na kungoja nako kuna gharama. Katoro akikataa kabisa kuongeza muda na mwalimu akawa ameshanunua kwingine, hapo ndipo 65 inaanza kuzungumzika, maana mkikosa mnapoteza 10 pamoja na zile fremu. Hata hapo mkishuka, mshuke kwa hesabu, mkijua mnanunua nini. Kisha mtumie ujumbe mfupi, usio na hasira: "Ndugu, tumetafakari. Fundi amekagua ufa, gharama yake ni hii, tuko tayari kuitoa kwenye bei. Zaidi ya hapo nyumba inarudi sokoni. Tunaomba jibu lako mpaka Ijumaa." Ukishautuma, usimpigie. Kazi ya kufikiri umemwachia yeye.

Nije kwa mumeo. Swali la nani alimwambia lina jibu, lakini jibu hilo halirudishi hata shilingi mia. Katoro ni habari ambayo dalali anaijua, jirani anaijua, jumuiya nzima uliyoiaga inaijua. Hata kama ni mumeo, yaelekea alisema kwa nia njema, kuonyesha kwamba mna haja ya kweli ya kuuza. Yeye sasa hivi anaogopa kama wewe, ila hofu yake inamwambia chukua na yako inakwambia kataa. Keti naye, mwonyeshe hesabu hizi, mwambie unamhitaji Katoro, maana yeye ndiye anayefahamiana na watu wa huko. Na mjue wote wawili kwamba jina kwenye hati ni lake lakini nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa yako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeliweka hilo wazi. Sikuambii ili ulitumie kama rungu. Nakuambia kwa sababu huna haja ya kupiga kelele usikike, saini yako inahitajika kwa vyovyote.

Akija mnunuzi yeyote sasa, awe huyu, mwalimu au mwingine, siku mnayopatana bei ndiyo siku ya kuandika. Ukurasa mmoja wa wakili unatosha kuanzia: bei, tarehe ya kumaliza, advansi imeingia benki, na nini kitatokea kwa atakayegeuka, yeye au nyinyi. Ukaguzi wote afanye kabla ya siku hiyo, na aje na fundi wake akitaka. Upekuzi wa hati ataufanya ofisi ya ardhi kwa nakala, hati halisi asipewe aondoke nayo, wala dalali asipewe. Andikeni pia nani analipa nini. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida huubeba mnunuzi. Kodi ya mapato yatokanayo na mauzo ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na kwa kuwa inatozwa kwenye faida, zile risiti zenu za saruji, nondo na mabati tangu 2012 zitafuteni leo kabla boksi lake halijapotea. Mtu akikushawishi mkataba uandikwe bei ndogo kuliko inayolipwa ili kodi ipungue, kataa. Ukizuka ugomvi, mahakama itasoma kilichoandikwa, na zile milioni ambazo hazimo kwenye karatasi utazidai kwa nani?

Simu ya mwalimu iwe ya kwanza, Katoro ifuate. Mkirudi niandikie mwenye nyumba amejibu nini, maana jibu lake ndilo litakaloamua kama 68 ibaki au isogezwe.

Shangazi